Kushoto Limeota, Kulia Halijaota

Binti yangu aliacha kucheka akiwa gredi ya pili. Furaha hakuiacha, ila hakuwa akicheka tena mdomo wazi. Mwanzoni alikuwa akiuvuta mdomo wa juu ufunike meno, kisha akazoea kuweka kiganja mbele ya kinywa, na mwishowe hata hindi la kuchoma hakulitia meno. Alilipukuchua kwa vidole, akala punje mojamoja kama karanga. Mimi babake, mwalimu ninayeshinda na watoto wa watu kutwa nzima, nilichelewa sana kuuliza kwa nini.

Sababu ilikuwa jino moja. Jino la mbele la juu, upande wa kushoto, liliota mwezi wa Februari akiwa na miaka 7 na mwezi mmoja. La kulia tukalingoja. Lile la utotoni lilikuwa limeng'oka wakati uleule, tukalirusha juu ya mabati kama tulivyofanya sisi tukiwa wadogo, tukamwomba panya atuletee jipya. Pasaka ikapita. Agosti ikapita. Krismasi ikatukuta hapa Ahero na pengo liko palepale, ufizi umejifunga, unang'aa, mgumu kama goti.

Kliniki nilikuwa nimempeleka, tena mara mbili. Mara ya kwanza, mwezi wa Agosti, aliyemwona alimwambia afungue mdomo, akatupa jicho, akaniambia, "Watoto hawalingani, mwalimu. Subiri." Nikarudi Januari nikaambiwa vilevile, karibu kwa maneno yaleyale. Hakuna aliyegusa ufizi. Hakuna aliyeniuliza la kushoto liliota lini. Kliniki yenyewe siitaji, maana sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na neno hilo "subiri" likitolewa kabla ya kuangalia.

Na linaaminika kwa sababu nusu yake ni kweli. Watoto kweli hawalingani. Jino la kwanza la mtoto mchanga kwa kawaida hutokea akikaribia miezi 6, lakini wako wanaotangulia wakiwa na miezi 4, na wako wanaotimiza mwaka mzima wakiwa vibogoyo, na wote ni wazima. Meno 20 ya utotoni hukamilika mtoto akikaribia miaka 3. Halafu kinywa hutulia, mpaka karibu na miaka 6 zamu ya pili inapoanza: yale mawili ya kati ya chini, pamoja na magego ya kwanza ya ukubwani. Ya kati ya juu huja kati ya miaka 7 na 8, ya pembeni yake kati ya 8 na 9, na chonge za juu hukawia hadi 11 au 12. Mtoto akiitangulia kalenda hiyo kwa miezi kadhaa, au akachelewa, huwa hana neno. Asiyeota hata jino moja mpaka anakaribia mwaka na nusu, huyo apelekwe aonwe.

Lakini kalenda ni kitu kimoja, na kinywa cha mtoto huyo mwenyewe ni kingine. Meno huota kwa jozi na kwa zamu. Hilo sikuambiwa kliniki. Niliambiwa shuleni, mwezi wa Machi, na afisa wa afya ya kinywa aliyekuja kukagua watoto, kijana mwenye kioo kidogo cha meno na kurunzi mfukoni. Alikuwa akipita mstari kwa mstari, akihesabu kwa sauti ya chini. Alipofika kwa binti yangu akasita, akahesabu tena, akaomba aitiwe mzazi. Nikamwambia ni mimi.

"La kushoto liliota lini?"

Nikahesabu kwenye vidole. Miezi 13.

Akanionyesha kitu ambacho nilikuwa nikikitazama kila siku nisikione. Upande wa kulia, kando ya pengo, jino la pembeni lilikuwa limeshachungulia. "Huyu ni mdogo," akasema, "na amempita mkubwa wake mlangoni." Kisha akanipa mambo matatu ambayo tangu siku hiyo nimewaandikia wazazi wengi kwenye vipande vya karatasi. Jino likiwa limeota upande mmoja na mwenzake wa upande wa pili hajatokea baada ya miezi 6, mtoto apigwe picha ya eksirei. Jino la zamu ya nyuma likitangulia la zamu ya mbele, apigwe picha. Na meno ya kati ya chini yakiwa yametimiza mwaka na ya juu hayajaonekana hata moja, apigwe picha. Moja tu kati ya hayo linatosha. Binti yangu alikuwa nayo mawili.

Jumamosi iliyofuata tulipanda matatu kwenda Kisumu.

Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Hakuanza na mdomo. Alianza na maswali, na kila swali lilikuwa na sababu ambayo alinieleza nilipomuuliza. Mtoto aliwahi kuanguka kifudifudi akiwa na miaka miwili au mitatu? Kwa maana mzizi wa jino la utotoni hukaa karibu sana na kichipukizi cha jino la ukubwani, na jino la mbele likisukumwa ndani kwa kishindo, lile lililo chini yake linaweza kupinda mzizi kama kiwiko, na mzazi asijue mpaka miaka mitano baadaye. Je, jino la utotoni liling'oka mapema sana kwa kuoza? Ufizi huweza kukomaa juu ya pengo ukawa kama ngozi ya ngoma. Je, anakua vizuri, urefu wake na wenzake unalingana? Ana matege? Upungufu wa homoni za tezi ya shingo, ugonjwa wa mifupa laini na utapiamlo wa muda mrefu, vyote hucheleweshea mtoto meno, ila hapo huchelewa kinywa kizima, hayateui jino moja tu. Watoto wenye hali ya Down nao meno yao kwa kawaida huchelewa, na mengine hayaumbwi kabisa.

Halafu akauliza, "Kuna mtu katika familia ambaye meno yake mengine hayakuota?"

Nikanyamaza. Mimi sina chonge za chini, kulia wala kushoto. Maisha yangu yote nimekuwa nikisema nilizaliwa hivyo, na tangu siku ile ya kurunzi shuleni nilikuwa nimebeba hofu kwamba nimemrithisha mwanangu. Nikamwambia.

"Fungua nione, baba."

Akapitisha kidole juu ya ufizi wangu, akatazama lile jino la pembeni lenye kishimo ambalo nilidhani limeoza, akakaa kimya kidogo. "Hili la kwako si la kuzaliwa," akasema. "Wewe ulichokolewa ukiwa mchanga. Muulize mama."

Mama yangu anaishi nasi. Watoto humwita dani. Usiku ule, watoto walipolala, nilimuuliza, naye alinijibu akitazama chini. Nilikuwa na miezi mitano. Nilihara na kutapika siku nne, utosi ukabonyea, machozi yakakauka. Yeye alikuwa na miaka 19, mto Nyando ulikuwa umefurika, na hospitali ilikuwa mbali. Wanawake wa jirani walinifungua mdomo wakaona uvimbe mweupe kwenye ufizi wa chini, mahali pa chonge. Wakasema ni meno mabaya, ndiyo yanayonimaliza. Akaitwa mama mmoja mzee wa kijiji. Alikuja na spoki ya baiskeli iliyonolewa.

"Alivitoa viwili, akaniwekea kiganjani," mama akasema. "Vilikuwa laini, vyeupe, kama funza. Niliamini macho yangu."

Nimelifikiria sana jambo hilo. Vile vilivyoonekana kama funza vilikuwa chonge zangu za utotoni zilizokuwa hazijakomaa. Jino ambalo halijaota huwa laini, madini hayajajaa ndani yake, na uvimbe ule mweupe kwenye ufizi ni kila mtoto wa umri huo anao. Ukichimba pale, hutoi jino la utotoni peke yake. Nyuma yake tu ndipo kichipukizi cha jino la ukubwani kilipo, nacho ndicho kwanza kinaanza kuumbika. Ncha ya spoki huking'oa pia, au hukijeruhi kikaja kuota kibaya, na meno ya jirani hubaki na mashimo. Hapo hatujasema kuhusu damu, pepopunda, virusi vya Ukimwi na sumu ya vijidudu kuenea mwilini. Wako watoto waliokufa kwa kuchokolewa. Waganda wanauita ugonjwa huo ebinyo; Tanzania utasikia meno ya plastiki au meno ya nailoni; huko Sudan na Ethiopia pia upo, kwa majina mengine. Na wala si jambo la zamani. Mwaka huu huu nimemfundisha mtoto ambaye nikimtazama anaposoma kwa sauti najua kilichompata.

Yale ya nyanya yangu mzaa baba yalikuwa tofauti, na sipendi watu wanapoyachanganya. Yeye aling'olewa meno sita ya chini ya mbele, nak, akiwa msichana mkubwa, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo wa zama zake. Alituambia pengo lile lilikuwa mlango wa kumnywesha uji mtu ambaye taya limekaza. Lilikuwa alama ya kuwa mtu mzima katika watu wake, nalo limekwisha. Hili la spoki linafanywa kwa mtoto mchanga, kwa jina la tiba, wakati kinachomuua ni maji kumwishia mwilini.

Mimi nilipona. Mama alishukuru, na spoki ikapata sifa. Nadhani ndivyo imani hii inavyodumu: kuhara kwa watoto wengi hukoma baada ya siku kadhaa, na wanaofariki husemwa walicheleweshwa. Sikumlaumu. Alitaka niishi, na mwaka ule hakuna aliyemwekea mkononi kitu kingine cha kujaribu. Leo kipo. Ni pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji safi, ORS, pamoja na vidonge vya zinki, vitu vinavyopatikana kwenye zahanati, na ziwa la mama lisikatizwe.

Na kwa kuwa nimefika hapo, niseme wazi kuhusu homa. Mtoto anayeota meno hudondosha mate, husugua ufizi kwa chochote anachokishika, hulialia, na joto lake huenda likapanda kidogo tu. Homa kali hailetwi na meno. Kuhara hakuletwi na meno. Vinakutana kwa sababu katika miezi hiyohiyo kinga aliyopewa na mama tumboni inapungua, na mtoto ameanza kutambaa akitia mdomoni kila anachookota. Kwetu huku Uwanda wa Kano, kwenye mashamba ya mpunga na mbu wake, homa ya mtoto ni malaria mpaka kipimo kikatae. Chanjo ya malaria ilipozinduliwa nchini huko Homa Bay mwezi wa Septemba 2019, dozi ya kwanza ilipangwa itolewe mtoto akiwa na miezi 6, umri uleule wa jino la kwanza. Mzazi anayesema "ni meno tu" anaweza kumpoteza mtoto kwa siku mbili. Zile dawa za kupaka ufizi zenye benzokaini nazo ziachwe. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2018 zisitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa zinaweza kuizuia damu kubeba oksijeni. Kidole safi, au kitambaa kilicholowa maji baridi, vinatosha.

Kuna jambo jingine ambalo watu huniuliza kwa kunong'ona: mtoto aliyeanza kuota meno ya juu. Kiswahili kina neno lake, kigego, na historia ya neno hilo inatisha, maana kuna mahali ambapo mtoto wa namna hiyo alihesabiwa mkosi na hakuachwa aishi. Kutangulia kwa meno ya juu hakuna maana yoyote kwa afya yake wala kwa nyumba yake. Hata mtoto anayezaliwa na jino, na hutokea mara moja katika vizazi kama elfu mbili au tatu, jino lake mara nyingi ni lilelile la utotoni lililowahi. Halitolewi ila likiwa limelegea sana hata kuna hofu litamkaba, au likiwa linamchana ulimi na kumzuia kunyonya, na anayelitoa awe daktari.

Nirudi Kisumu.

Daktari alimbinya binti yangu ufizi kwa mbele, juu ya pengo, akitafuta kivimbe cha jino linalokuja. Hakukuwa na kitu. Akahamia ndani, kwenye kaakaa, nyuma ya pengo, akapata uvimbe mdogo. Kisha akampiga picha mbili za eksirei, na hapo nilijifunza jambo lililonifurahisha kama mtoto. Picha ni bapa. Inaonyesha vitu viwili vimepandana, lakini haisemi kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Kwa hiyo unapiga ya kwanza, unasogeza mashine kidogo upande mmoja, unapiga ya pili, halafu unatazama nani kahama.

"Leo asubuhi mmekuja na matatu kutoka Ahero," akamwambia binti yangu. "Ulitazama nje?"

"Ndiyo."

"Nguzo za umeme zilikuwa zinakwenda wapi?"

"Zinarudi nyuma."

"Na milima ya Nandi?"

Akafikiri. "Ilikuwa inatufuata."

"Basi. Kilicho mbali kinakufuata, kilicho karibu kinarudi nyuma." Akamwekea picha mbili kwenye mwanga, amwonyeshe mwenyewe. Kile kivuli kidogo kilikuwa kimeifuata mashine. Kwa hiyo kilikuwa upande wa mbali, upande wa kaakaa, nyuma ya jino lililokwama. Mtoto wa miaka 8 alisoma eksirei yake kwa sababu alikuwa amekaa dirishani pale Rabuor.

Kivuli kile kilikuwa jino la ziada. Kichipukizi kimoja kingi kuliko hesabu, jambo linalotokea zaidi kwa wavulana, na mara nyingi ni hapohapo mbele juu. Mengine huwa na ncha kama msumari, nayo huweza kukaa tu au kuwasukuma majirani wapinde. Hili lilikuwa la aina ya pili, fupi na nene kama pipa, na hilo ndilo huziba njia. Juu yake lilionekana jino lake halisi, zima, limenyooka, ncha ya mzizi wake bado haijafunga. Daktari aliigusa ncha ile kwa kalamu. Mzizi ambao haujafunga, alisema, maana yake jino bado lina mwendo wake. Tungengoja miaka mingine miwili, huenda lisingekuwa nao.

Nilimuuliza ni nini hasa kinacholipandisha jino, maana nilidhani mzizi unakua na kulisukuma kama shina la muhindi. Akaniambia habari ya majaribio ambayo tangu hapo haijanitoka. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Marks na Cahill, walichukua meno ya mbwa yaliyokuwa bado ndani ya taya, wakayaondoa, wakaweka mahali pake meno ya bandia, ila wakauacha ule mfuko laini unaolizunguka jino. Yale ya bandia yakaota. Mfuko ukiondolewa, hata jino halisi lilikuwa halioti. Kwa hiyo njia haifunguliwi na jino. Mfuko ndio unaoita chembe za kula mfupa uliopo juu, na kuamuru mfupa mwingine ujengwe chini. Nikakumbuka kiganja cha mama, na vitu viwili laini juu yake.

Tiba ilikuwa na hatua, na ya kwanza haikuwa kisu. Katika miezi ile 13 meno ya kando yalikuwa yameegemeana, mlango umebana, na jino haliwezi kupita mahali pasipo na nafasi. Akachukuliwa vipimo, akatengenezewa kibao chembamba cha plastiki cha kuvaa kwenye kaakaa, chenye waya wa kuyasukuma meno polepole. Alikivaa miezi minne, akikitoa wakati wa kula na kupiga mswaki. Alisema maneno yenye "s" kwa shida wiki mbili, kisha ulimi ukazoea.

Upasuaji ulikuja Agosti. Kwa kuwa jino lilikuwa ndani ya mfupa, alilazwa usingizi. Ufizi wa kaakaa ukafunuliwa kama ukurasa, kijino kile kikatolewa, ukarudishwa ukashonwa. Tulirudi nyumbani jioni yake na uji vuguvugu, dawa ya maumivu na kichupa kidogo. Ndani ya kichupa kulikuwa na jino la ziada, dogo kuliko punje ya hindi, na vinundu juu yake. Jino halisi daktari hakuligusa. Alisema lipewe muda lishuke lenyewe, na mengi hushuka kizuizi kikiondolewa mapema na nafasi ikiwepo. Likikataa kusogea baada ya mwaka, angefunua ufizi, abandike kijinyororo chembamba juu ya jino, na kulivuta taratibu kwa vyuma vya meno, kwa miezi. Hakuniahidi kitu, na kwa hilo nilimwamini.

Kwa mara ya tatu nikaambiwa nisubiri. Safari hii nilijua nangoja nini, kwa muda gani, na kitakachofuata lisipokuja. Kila baada ya miezi mitatu tulirudi aonwe.

Kwa wazazi wa Kisumu na vitongoji vyake: Hospitali ya Jaramogi, ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, ina idara ya meno, na kwa walio upande wa Bonde la Ufa iko Hospitali ya Moi ya Eldoret. Usiende na swali la "lini litaota?" Nenda na tarehe. Andika kila jino linapotokea, upande gani, mwezi gani, nyuma ya kadi ya kliniki au kwenye simu. Ile tarehe moja ya Februari ndiyo iliyofungua kila kitu kwetu, na ilikuwepo kwa sababu mama watoto alimpiga picha siku jino lilipochomoza.

Na mtoto akifika miaka 10, mguse juu ya chonge za utotoni, kwa nje, kwenye ufizi. Unapaswa kuhisi vivimbe viwili vigumu, kulia na kushoto. Hivyo ni chonge za ukubwani zinakuja. Usipovipata, au ukapata kimoja, usingoje afike 14. Chonge ya juu ina safari ndefu kuliko jino jingine lolote la mbele, na karibu watu wawili katika kila 100 chonge yao hupotea njia, mara nyingi ikaelekea kwenye kaakaa, na ikiachwa inaweza kula mzizi wa jirani yake. Watafiti wa Uswidi, Ericson na Kurol, walionyesha mwaka 1988 kwamba kwa watoto wa kati ya miaka 10 na 13 kung'oa tu chonge ya utotoni kuliirudisha ya ukubwani kwenye njia yake kwa asilimia 78. Kung'oa jino moja dogo kwa ganzi ya dakika chache, badala ya upasuaji na vyuma vya miaka miwili. Binti yangu ametimiza 9 na nusu, na tarehe ya kumgusa nimeshaiandika.

Mengine yasikutishe. Meno ya chini yakiota mstari wa pili nyuma ya yale ya utotoni, mara nyingi ya mbele hulegea na kung'oka, kisha ulimi huyasukuma ya nyuma yakae mahali pake. Yakikaza tu kwa miezi, yang'olewe. Ufizi ukivimba malengelenge ya rangi ya samawati juu ya jino linalokuja, usitoboe, hupasuka wenyewe.

Mwezi wa saba baada ya upasuaji, usiku, umeme ukiwa umekatika, binti yangu aliniita kutoka chumbani. Alikuwa amepitisha ulimi akahisi kitu kikali. Dani alitangulia kufika kuliko mimi, akashika simu yenye tochi. Pale kwenye ufizi palikuwa na mstari mweupe wenye vinundu vitatu, kama msumeno mdogo, maana ndivyo meno ya mbele ya ukubwani yanavyoanza kabla ya kulika na kunyooka. Mama aliweka kidole juu yake, akakaa nacho pale. Hakusema kitu, na mimi sikusema.

Mdogo wake, wa miaka 6, hakukubali kuachwa. Akafungua mdomo naye ahesabiwe. Tukahesabu kuanzia mbele, dani akimulika, mpaka tukafika nyuma kabisa, chini kulia, na idadi ikazidi kwa moja. Nyuma ya gego lake la mwisho la utotoni kulikuwa na jingine jipya, nusu bado limefunikwa na ufizi. Hakuna lililong'oka kulipisha, kwa hiyo hakuna aliyejua limefika. Tukaangalia kushoto. Na huko lilikuwepo. Mama watoto akaandika tarehe, nami nikaenda kutafuta mswaki wake.